Ndoo ya Njano ya Mtaa wa Kibatari

Katika siku ambazo bado hazijazaliwa, ila tumbo lake limeshaonekana, palikuwa na mtaa Kariakoo ukiitwa Kibatari, na katika mtaa huo barabara ilikuwa inasema.

Asubuhi moja Sikudhani binti Mwinshehe alitoka na jagi la maji, akainama kwenye ukingo wa lami mbele ya ghorofa lao, akaanza kuijazia ndoo yake ya njano. Nguzo iliyosimama kando ikamwamkia.

"Shikamoo, Bi Sikudhani."

"Marahaba, Karani. Umelalaje?"

"Mimi silali. Ndoo yako imekuwa ikipungua uzito tangu alfajiri. Ikifika chini ya debe moja la maji, kanuni inanitaka niitangaze nafasi hii."

"Ina ufa, mwanangu. Hata mimi nina ufa, mbona hujanitangaza?"

Utani haukuwa katika kazi aliyotumwa.

Hakuwa mtu, huyo Karani. Alikuwa ni ile lami yenyewe, na sauti yake ndiyo hiyo ya kwenye nguzo. Chini ya lami walitandaza nyuzi nyembamba kama nywele za mtoto, na kila kilichokanyaga juu, nyuzi zilikijua: hili gari, huyu paka, hili gunia la vitunguu. Magari nayo siku hizo yalijiendesha. Tajiri wa Mbweni alishushwa dukani, gari lake likaondoka tupu kwenda kujitafutia pa kukaa, na watu wa Kibatari wakayaita magari hayo mayatima, maana yalizunguka mchana kutwa bila mwenyewe. Karani ndiye aliyeyanadi maegesho. Mayatima yalipandishiana bei wenyewe kwa wenyewe, kimyakimya, mpaka bei ifike pale ambapo katika kila safu nafasi moja inabaki wazi, ili mwenye dharura asikose.

Na tuseme ukweli, mambo yalinyooka. Sikudhani hakusahau siku za nyuma, kabla ya Karani, alipomshika mkono mke wa mpwa wake ndani ya gari la wagonjwa, wamekwama kona ya mtaa huo huo, na mbele yao dereva anazunguka mara ya ngapi sijui kutafuta pa kuegesha. Mtoto alizaliwa palepale kwenye foleni. Mpaka leo watani wanamwita Foleni, na ni bwana mzima ana ndevu. Kwa hiyo Sikudhani hakuwa na ugomvi na Karani. Ugomvi wake ulikuwa kwingine.

Wenyeji wa zamani, wale ambao nyumba zao za vyumba sita zilibomolewa ili maghorofa yasimame, walipewa kila mmoja makazi juu na urefu wa gari moja chini, kwenye ukingo. Nafasi hiyo ilikuwa mali yako, mradi kitu chako kimekaa juu yake. Wenzake wote waliikodisha kwa Kampuni ya Safu, na Kampuni kwa upande wake ikawa inaendesha lifti ya ghorofa. Sikudhani hakukodisha. Gari hana, hata baiskeli hajawahi kuwa nayo. Aliweka ndoo.

Walioingia Kariakoo juzi waliona kichekesho. Lakini waliokulia Kibatari enzi za bomba moja la maji walijua kwamba ndoo iliyo kwenye foleni ni mtu kamili. Ulikuwa unaweka ndoo yako, unakwenda zako kupika, kuogesha watoto, hata kulala. Foleni ikisogea, aliye karibu anaisogeza na yako. Hata kama jana mmetukanana mpaka mkavuliana mitandio, ndoo ya mwenzio unaisogeza. Kuiruka ndoo ya mtu kulikuwa na aibu kuliko kuiba maji yenyewe.

Pembeni ya ndoo yake Sikudhani aliweka vigoda viwili. Kimoja chake, kimoja cha Mzee Pazi wa ghorofa ya nane, ambaye kila siku alishuka na lifti, akanywa kahawa, akatega vitendawili na kubishana na wapita njia. Ila tangu jana lifti ilikuwa imezimwa, na kigoda cha Mzee Pazi kilikuwa tupu.

Hata jagi halijaisha, akatokea Winfrida, wakala wa Kampuni ya Safu, binti mrefu mwenye sauti ya upole. Sikudhani akaliweka jagi chini likiwa na maji nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Winfrida. Leo umevaa raba. Unakimbia au unafukuza?"

Binti akacheka kidogo. "Mkataba wa safu unakwisha leo adhuhuri, mama. Wenzako wote wako tayari. Umebaki wewe."

"Na lifti?"

"Iko kwenye matengenezo."

"Inatengenezwa na nani? Tangu jana sijaona hata bisibisi."

Winfrida akaangalia raba zake. "Ukitia kidole kwenye nguzo kukubali mkataba, mafundi wanafika kabla chai haijapoa."

"Ahaa! Kumbe fundi wa lifti ni kidole changu."

"Usinielewe vibaya, mama. Yanayolipa vizuri ni magari marefu ya mizigo, na hayo yanataka safu nzima. Ndoo yako imekaa katikati kama pengo kwenye meno. Miaka yote Kampuni imevumilia, sasa imesema basi. Ama safu nzima, ama lifti iendeshwe na wenyewe. Na lifti ile, mama, inakula pesa kuliko bibi harusi."

Kabla Sikudhani hajajibu, mlango wa ghorofa ukafunguka kwa kishindo. Akatoka Semeni, jirani yake wa ghorofa ya tatu, mwenyekiti wa wakazi, mkono kiunoni, anahema.

"Winfrida, mwambie Siku akusikie vizuri! Ngazi hizi nimezishuka kwa matako, magoti yamegoma. Wewe unakaa ghorofa ya kwanza, lifti huijui hata rangi yake, halafu unatunyima sisi!"

"Sijakunyima, Semeni."

"Umeninyima! Mtu hana gari, hana mkokoteni, hana hata toroli, ana pa kuegesha! Unaegesha nini, shoga? Unaegesha roho mbaya?"

Wauza vitambaa wa upande wa pili wakaangua kicheko. Sikudhani naye angecheka, maana Semeni alikuwa na mdomo mtamu hata akitukana. Lakini Semeni alikuwa hajamaliza.

"Haya, mimi niache na magoti yangu. Mzee wa watu yuko juu ya nane, tangu jana hajaona jua. Yule unayejidai kumuwekea kigoda! Umemfikiria?"

Hilo likamchoma. Alikuwa amemfikiria usiku kucha.

"Nampelekea kahawa," akasema. "Nikishuka nitawajibu."

Akaingia ndani kuchukua birika. Jagi akaliacha palepale kando ya ndoo, na ndoo haijajaa.

*

Ngazi za ghorofa lile zilikuwa nyembamba, na ukuta wake wa nje ulijengwa kwa matofali ya matundu, kwa hiyo unapanda huku unauona mtaa vipandevipande. Sikudhani alipumzika mara nyingi, birika mkononi, na kila alipopumzika swali lilimkuta pale pale. Akiuza, mzee atakuwa na lifti ila hana pa kushukia, maana chini patakuwa malori matupu kutoka kona hadi kona. Asipouza, pa kushukia papo, ila mzee atapaangalia kwa macho kama mwezi. Alipofika ghorofa ya nane alikuwa amekata shauri. Mtu kwanza, mahali baadaye. Atatia kidole.

"Kitendawili!" sauti ikamdaka kabla hajagonga.

"Tega," akasema akihema.

"Chumba changu kinatembea, lakini hakijawahi kutoka nyumbani."

"Lifti. Na leo haitembei."

"Basi si chumba tena, ni kabati. Ingia, Siku."

Mzee Pazi Mwinyimvua aliketi kitandani, miguu imevimba kama viazi vikuu, shati limepigwa pasi. Zamani aliendesha malori ya Kigoma, enzi ambazo lori bila mtu lilikuwa halijui hata kupiga honi. Sikudhani akammiminia kahawa, akangoja apige funda la kwanza, ndipo akasema.

"Nimekuja kukwambia nakodisha. Wakuwashie lifti yako, ushuke."

Mzee akaweka kikombe. "Nishuke niende wapi?"

"Utakaa mlangoni."

"Mlangoni napita. Sikai." Akamkazia macho. "Wewe Siku unanishangaza. Semeni amenisikitikia tangu jana, amepiga kelele mpaka nimemsikia huku: tukodishe kwa ajili ya Mzee Pazi. Yule binti naye: mzee wenu ataumia. Wewe miaka yote hukodishi kwa ajili ya Mzee Pazi, na leo unakodisha kwa ajili ya Mzee Pazi. Huyo Mzee Pazi mwenyewe aliulizwa lini?"

"Nakuuliza sasa."

"Hapana, umekuja kunipa taarifa, na kahawa ya kutelezeshea."

Sikudhani alikuwa amesemwa, na amesemwa kweli.

"Haya nisikilize," mzee akasema, na sauti yake ikashuka. "Na mimi nina nafasi yangu pale chini, umesahau? Nimewakodishia miaka yote, ya pili kutoka ndoo yako. Mkataba wangu unakwisha leo kama wa wengine. Jana Karani amenisomea kanuni kwenye hicho kidude cha ukutani. Anayekataa sharti afike mwenyewe kwenye nguzo kabla ya adhuhuri. Asiyefika, anaandikwa ameridhia."

"Lakini wewe huwezi kufika. Lifti wameizima."

"Ndiyo hapo." Mzee akapangusa mdomo. "Wamenifungia juu, halafu kufungiwa kwangu kumeandikwa ndiyo. Sikiliza, mimi lifti naitaka. Ningekuwa kijana nisingekuwa na haja nayo. Lakini mtu akitaka ndiyo yangu, aje aniombe. Asiichukue kwa kuninyima lifti."

Sikudhani akasimama.

"Unataka nini, mzee?"

"Nibebeni."

"Ukishuka, utapandaje?"

"Nitapandaje ni swali la jioni. Sasa hivi ni asubuhi. Na kabla hujaita watu, angalia nyuma ya mlango wa jikoni. Pana ndoo ya bluu. Niletee."

*

Kariakoo hukosi mbebaji. Sikudhani aliita kutoka kwenye matundu, wakapanda wawili, Chande na Ligola, watu wa kupandisha majokofu mgongoni bila kugusa ukuta. Wakamkalisha mzee kwenye kiti cha mbao, wakamfunga kifuani kwa khanga ya Sikudhani, na mapajani mwake akapakata ndoo yake ya bluu.

"Friji haliongei," Chande akalalamika walipofika ghorofa ya sita. "Huyu mzigo wenu unatoa amri."

"Shika kulia, kijana! Kulia! Ungekuwa tanboi wangu ningekushusha Morogoro!"

Kwenye kila kona kiti kilikataa kupita. Ilibidi Ligola atangulie chini, Chande ashike juu, na Sikudhani abane mguu mmoja wa kiti kwa mikono yote miwili huku wanakigeuza. Hivyo ndivyo walivyokuwa, kona ya ghorofa ya pili, jasho linawatoka, waliposikia sauti ya Karani ikipanda kutoka mtaani, tulivu kama kawaida yake.

"Natangaza. Ndoo ya Sikudhani binti Mwinshehe inakaribia kushuka chini ya debe. Ikishuka, nafasi iko wazi kwa mnada."

Sikudhani akakumbuka jagi. Aliacha jagi chini na ndoo haijajaa, na jua limeshapanda, na ule ufa hauna likizo. Akasogeza uso kwenye matundu. Chini aliiona ndoo yake ya njano, na mstari mweusi wa maji unaotambaa kutoka chini yake kwenda mtaroni. Yatima moja jeupe lilikuwa limeshasimama kando, taa zinapepesa, linangoja kama inzi mbele ya bucha.

"Kimbia," Mzee Pazi akasema.

"Nikiachia mguu huu, unaanguka."

"Basi nianguke, nafasi ibaki!"

"Nyamaza, mzee! Hapa nani amembeba nani?"

Akapiga kelele kupitia matundu: "Jamani, ndoo! Ndoo yangu!" Lakini Kariakoo ya saa hiyo, mwenye kelele ni nani na asiye na kelele ni nani? Hakuna aliyeinua uso.

Kando ya ndoo alikuwa amesimama Semeni, mikono kifuani. Na karibu na Semeni alisimama Winfrida, macho kwenye nguzo. Sikudhani akajua imekwisha. Semeni hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji kusimama tu, kama alivyosimama, maji yajiendee, na lifti ingewaka kabla ya chai.

Semeni akaiangalia ndoo. Akaangalia pembeni. Akaiangalia tena. Akasonya, msonyo mrefu uliosikika mpaka ghorofa ya pili. Kisha akainama, akadaka jagi, akamimina maji yote ya nusu jagi ndani ya ndoo, huku anatukana.

"Mwanamke gani asiye na haya! Anaacha ndoo inachuruzika kwenye foleni, anakwenda kunywa kahawa! Akirudi atasema tumemruka! Hajafundwa huyu, hajafundwa kabisa!"

"Debe limetimia," Karani akasema. "Nafasi imekaliwa."

Yatima likazima taa zake, likaondoka taratibu.

"Mama Semeni!" Winfrida alikuwa ameshika kichwa. "Umefanya nini?"

Semeni akaliangalia jagi mkononi mwake kana kwamba kuna mtu amelipachika pale. "Mimi?" akasema. "Nimefanya nini? Ilikuwa... si ndoo ya mtu?"

Kule juu, Sikudhani alicheka mpaka machozi yakamchanganyikia na jasho, na Ligola akamwomba kwa heshima zote acheke baadaye, kiti kinateleza.

*

Walitokea mlangoni muadhini akiwa anakohoa tayari kwa adhana. Mtaa mzima ukageuka. Mzee aliyefungwa khanga, mapajani mwake ndoo ya bluu, amebebwa juu juu kama bwana harusi. Vitambaa vikaachwa, mizani ya vitunguu ikaachwa.

Semeni aliona wanavyomweka chini. Aliona miguu ile iliyovimba.

"Mzee, kwa nini umeteswa hivi?" akasema. "Si ungengoja? Leo hii hii lifti ingewaka!"

"Ningengoja, ningeandikwa nimekubali," Mzee Pazi akajibu, na akamweleza kanuni, kwa sauti, mtaa wote usikie.

Semeni akamgeukia Winfrida. Mara hii hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. "Ni kweli?"

"Ni kanuni ya mkataba, mama. Sikuiandika mimi."

"Nakuuliza kama ni kweli. Lifti mmeizima mkijua asiyeshuka anaandikwa ndiyo?"

Winfrida alimeza mate. Alikuwa binti wa watu, aliyelelewa vizuri, na uongo haukumkaa mdomoni. "Mimi natumwa, mama. Lakini ndiyo. Walijua."

Adhana ikaanza. Karani akatangaza mkataba wa safu umekwisha, na mpya haukufungwa kwa kuwa safu haikutimia, na mayatima yote yaliyoegeshwa upande ule yakawasha taa, yakatoka moja baada ya jingine. Kwa mara ya kwanza tangu watu wengi wazaliwe, ukingo wa Kibatari ukawa mtupu, kona hadi kona, isipokuwa ile ndoo ya njano na vigoda vyake. Lami yake ilikuwa nyeusi na safi. Watu waliitazama kama watu walioonyeshwa sakafu ya nyumba yao iliyokuwa imefunikwa na mizigo ya mgeni.

Chande aliichukua ndoo ya bluu, akaijaza kwenye bomba la bucha, akaiweka kwenye nafasi ya mzee. Wakamsogeza na kiti chake, akawa kando yake.

"Mzee Pazi Mwinyimvua," Karani akasema. "Umefika kabla ya muda. Unakataa kukodisha?"

"Nakataa."

"Kanuni inanitaka niandike sababu."

Mzee akajiweka sawa kitini. Macho yake yakawa ya mtoto. "Kitendawili!"

Ligola, kwa sauti ya kunong'ona, akaielekea nguzo kama anayemwonea huruma mwanafunzi mwenzie: "Sema 'tega'."

"Tega," Karani akasema.

Mtaa ukalipuka kwa vicheko.

"Hana miguu, lakini yuko kwenye foleni. Hana mdomo, lakini jirani anamjibia."

"Alama ya barabarani," Karani akajibu.

"Wewe! Alama inapanga foleni?"

"Gari lisilo na dereva."

"Karibu, lakini hilo jirani halijui."

"Mtu aliyefungiwa juu."

Hapo kicheko kikakatika. Mzee akaigonga ndoo yake ya bluu. "Huyo leo amejijibia mwenyewe. Umeshindwa, Karani. Jibu ni ndoo ya mwenzio, muulize Semeni. Sasa toa mji."

"Sijaelewa."

"Ukishindwa kitendawili unatoa mji," Sikudhani akamfafanulia. "Ndiyo sheria, ya tangu bibi zetu. Wenye miji yao hutoa Tanga, hutoa Mombasa. Wewe unayenadi kila ukingo wa Dar es Salaam, tupe mji mmoja."

Walitarajia kicheko kingine. Karani akapekua kumbukumbu zake, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Sina mji wa kutoa," akasema. "Nimetafuta. Kila nafasi ninayoinadi ina jina la mwenyewe, na hakuna iliyo na jina langu wala la Kampuni ya Safu. Mimi naandika tu aliyekaa."

Semeni alikuwa wa kwanza kusogea. Alikwenda mpaka duka la plastiki la jirani, akachomoa ndoo nyekundu kwenye mnara wa ndoo, akamwambia muuzaji atamlipa baadaye, akarudi bombani akichechemea. Maji yalimlowesha sketi. Akaiweka kwenye nafasi yake, baina ya ya njano na ya bluu, kwa kishindo.

"Usijichekeshe, Siku," akasema bila kumtazama. "Bado lifti naitaka, na bado nina hasira na wewe."

"Najua, shoga."

"Mimi nilikubali lifti. Kufungia mtu juu sikukubali."

Winfrida alifunga begi lake. Akasema taratibu, na alikuwa anaongea kama mtoto wa nyumbani sasa, siyo kama wakala: "Mama zangu, Kampuni haitaiwasha. Nawajua. Mtapandaje leo? Kesho je?"

"Leo tutambeba," Sikudhani akasema. "Kesho tutambeba. Siku Chande akiumwa nitamtafuta Foleni na ndevu zake. Na lifti tutaigombea, mwanangu, ila tutaigombea tukiwa tumekaa hapa, siyo tukiwa tumefungiwa huko. Waambie hivyo waliokutuma. Na ukiwa na nafasi uje unywe kahawa, raba zako hazidaiwi chochote hapa."

Kwenye kona mayatima yalikuwa yameanza kurudi, yanazunguka polepole, moja nyuma ya jingine, yanapepesa taa. Hayakupata pa kuingia, maana wenyeji wengine nao walikuwa wameshapanga ndoo zao, nafasi kwa nafasi. Mke wa mwenye bucha alionekana anatoka na sufuria kubwa, anauliza kama sufuria inahesabika.

"Inahesabika, ikifika debe," Karani akamjibu. Kisha akarudi kwa Sikudhani. "Bi Sikudhani, safu yenu ina vyombo, na ina watu waliokaa. Nafasi ya dharura lazima ibaki wazi. Kanuni hiyo siwezi kuiacha."

Sikudhani akakumbuka mkono uliombana mkono wake ndani ya gari la wagonjwa. "Hiyo usiiache. Waachie ile ya kona, na asiwekwe mtu. Hizi nyingine andika zimekaliwa."

"Kwa muda gani?"

Sikudhani alikuwa ameona ndoo nyekundu ya Semeni haijafika juu, maana Semeni kwa hasira alimwaga nusu njiani. Akaokota jagi lake, akaenda bombani, akarudi, akainama na mgongo wake wote unalia, akaijazia mpaka maji yakagusa ukingo.

"Sogea huko, unanilowesha," Semeni akasema, na akavuta kigoda.